Acha upindo: namna ninavyogawa diski za seva ya Linux

Simu iliingia Jumatatu saa moja na nusu asubuhi. Dada wa mapokezi katika hospitali ninayoihudumia aliongea kwa sauti ya chini, kama mtu asiyetaka walio mbele yake wasikie: mfumo wa wagonjwa haufunguki, na benchi limejaa mpaka mlangoni.

Niliingia kwenye seva kwa ssh, nikaandika `df -h`, amri inayoonyesha nafasi ya diski. Diski nzima ya TB 1 ilikuwa patisheni moja tu (kipande kimoja kisichogawanywa), `/`, na imejaa asilimia 100. Humo kila kitu kililala pamoja: Linux yenyewe, logi, kanzidata ya PostgreSQL, picha za vyeti vilivyoskaniwa, na bakapu za kila usiku ambazo skripti ilikuwa ikizirundika bila kufuta za zamani. PostgreSQL ilikataa kuwaka kwa kukosa hata nafasi ya kuandika kifaili kidogo cha kuanzia. Nilifuta bakapu za miezi ya nyuma, mfumo ukarudi baada ya dakika arobaini. Dakika arobaini ni nyingi mno kwa mama aliyempakata mtoto mwenye homa.

Seva ile niliisakinisha mimi, miaka miwili kabla. Kisakinishi cha Debian kilinipa chaguo la kuweka mafaili yote kwenye patisheni moja, na chenyewe kimeandika pale pale kwamba chaguo hilo ni la wanaoanza. Nikabonyeza Enter. Tangu Jumatatu ile sikigusi kisakinishi kabla sijajaza ukurasa mmoja wa daftari.

Nikifanya kazi hii namkumbuka mama yangu. Alishona sare za shule hapa Morogoro kwa miaka mingi. Mtoto wa darasa la kwanza akiletwa, mama alimpima, akakata kitambaa, kisha chini ya sketi akakunja upindo wa vidole vinne. Mtoto akirefuka, upindo unashushwa, pasi inapitishwa, na safari inaendelea kwa sketi ile ile. Wazazi wengine walilalamika kwamba kitambaa kinapotea bure mle ndani. Mama hakubishana nao, na upindo aliuacha. LVM, zana ya Linux ya kugawa diski vipande vinavyoweza kukuzwa baadaye, inatuwezesha kuacha upindo kwenye diski, na sehemu kubwa ya maelekezo haya ni kuhusu kutoukata.

Daftari kwanza

Kwa kila kitu kitakachokaa kwenye seva ninaandika mambo matatu: kina ukubwa gani leo, kinakua kiasi gani kwa mwezi, na kikijaa nani ataumia.

La kwanza na la pili usiyakisie kama kuna seva ya zamani inayofanya kazi hiyo hiyo. Pima:

```
du -xh --max-depth=1 /var | sort -h
du -sh /var/lib/postgresql
df -i
```

Rudia kila Ijumaa kwa wiki nne, uandike tarehe na namba. Kwa hospitali ile kanzidata ilikuwa GB 70 na ikikua kama GB 2.5 kwa mwezi. Picha zilizoskaniwa zilikuwa GB 110, zikikua GB 5 kwa mwezi. Seva mpya tuliitarajia ifanye kazi miaka mitano, yaani miezi 60. Kwa hiyo mwishoni kanzidata itafika GB 220 na picha GB 410. Hesabu hiyo ya dakika mbili ndiyo iliyoniambia kwamba diski mbili za TB 1 zinazoakisiana zingetosha, na mganga mkuu aliidhinisha ununuzi baada ya kuiona imeandikwa kwa kalamu.

Swali la tatu ndilo linaloamua nini kitengwe na nini. Logi zikijaa kwenye chumba chao zenyewe, huduma nyingi zinaendelea na mimi napata muda wa kusafisha. Logi zikijaa kwenye chumba kimoja na kanzidata, mgonjwa anasubiri. Basi tenga kila kinachoweza kukua ghafla (logi, `/tmp`, vitu vinavyopakiwa na watumiaji) na kile usichoweza kukiacha kisimame. Hakuna sababu nyingine ya kuongeza voliyumu, yaani chumba kingine. Nimeona seva yenye voliyumu kumi na nne, `/opt` na `/usr` kila moja na chumba chake, na fundi wake alikuwa akihangaika kila wiki kuhamisha nafasi huku na kule.

Tabaka za chini

Hapa napita haraka. Tumia jedwali la patisheni la GPT. Lile la zamani, MBR, linaishia TiB 2 kwenye diski za kawaida na lina patisheni kuu nne tu. Kama seva inawaka kwa UEFI (programu ya kisasa ya ubao mama inayowasha mashine) unahitaji patisheni ya EFI ya FAT32. MB 512 zinatosha. `/boot` naipa GB 1, kwa sababu kerneli (kiini cha Linux) hurundikana kila sasisho linapokuja, na `/boot` iliyojaa hukwamisha sasisho katikati. `apt autoremove` hupunguza mrundikano huo.

Usishangae diski ya TB 1 ikionekana GB 931. Mtengenezaji anahesabu kwa elfu, Linux inahesabu kwa 1024. Panga kwa 931.

Diski mbili naziunganisha kwa `mdadm` ziwe RAID 1, yaani kila moja ibebe nakala ya mwenzake: `md0` kwa ajili ya `/boot`, `md1` kwa vilivyobaki vyote. Patisheni ya EFI weka kwenye kila diski, maana kinachoisoma ni programu ya ubao mama, na hiyo haiijui `mdadm`. Kabla seva haijaanza kazi, izime, chomoa diski ya kwanza, iwashe. Ikiwaka, irudishe, iunge tena kwa `mdadm --add` kama haikujiunga yenyewe, subiri `cat /proc/mdstat` ionyeshe kwamba zimelingana tena, kisha chomoa ya pili ujaribu vivyo hivyo. Jaribio hili linakula nusu siku. Lifanye. Diski ya akiba ambayo haiwezi kuwasha seva utaigundua usiku, siku ambayo mwenzake amekufa.

Juu ya `md1` ndipo inapokaa LVM. Ina ngazi tatu na kila moja ina amri zake. PV ni diski au patisheni iliyokabidhiwa LVM. VG ni ghala ambamo nafasi ya PV zote inamwagwa. LV ni kipande kinachokatwa kutoka ghalani, nacho ndicho unachokiwekea mfumo wa mafaili (muundo wa kuhifadhia mafaili, kama ext4 au XFS) na kukipachika, yaani kukiunganisha na folda.

```
pvcreate /dev/md1
vgcreate vg_afya1 /dev/md1
lvcreate -L 30G -n root vg_afya1
lvcreate -L 20G -n var  vg_afya1
lvcreate -L 15G -n log  vg_afya1
lvcreate -L 10G -n home vg_afya1
lvcreate -L 5G  -n tmp  vg_afya1
lvcreate -L 8G  -n swap vg_afya1
lvcreate -L 120G -n pg    vg_afya1
lvcreate -L 200G -n picha vg_afya1
```

Kuhusu majina: ghala lipe jina la seva yenyewe. Ukiziita zote `vg0`, siku utakapochomeka diski ya seva iliyokufa kwenye nyingine ili uokoe data, majina yatagongana. Linarekebishika kwa `vgrename` ukitumia UUID (kitambulisho cha kipekee cha ghala), lakini siku hiyo utakuwa na mengine ya kufikiria. Na tumia kistari cha chini. Kistari cha kawaida ndani ya jina huandikwa mara mbili kwenye `/dev/mapper`, na macho huchanganyikiwa.

Voliyumu za mfumo (`root`, `var`, `log`, `swap`) zitengeneze ndani ya kisakinishi, kwenye ukurasa wa kupanga diski mwenyewe. Kuhamisha `/var` baadaye kunawezekana ila kunachosha. Za data unaweza kuzikata baada ya Linux kuwaka. Swap (nafasi ya diski inayoisaidia RAM ikijaa) ya GB 8 inaitosha seva hii yenye RAM ya GB 32. Kanzidata ikianza kuitegemea swap, tatizo limeshakuwa jingine.

Upindo wenyewe

Jumlisha orodha ile: GB 408. Ghala lina kama GB 928. Zaidi ya nusu imebaki haina mwenyewe, na ndivyo nilivyokusudia.

Sijui ni mara ngapi nimeulizwa swali hili na vijana wanaoanza. Wamesakinisha Ubuntu Server, wamekubali LVM iliyopendekezwa, kisha `df -h` inawaonyesha `/` ya GB 100 kwenye diski ya GB 900. Wanadhani nafasi imeibiwa. Wakitafuta mtandaoni wanajibiwa waandike:

```
lvextend -l +100%FREE ...
```

Nafasi inaonekana, wanafurahi, na upindo umekatwa. Kisakinishi cha Ubuntu huacha nafasi ile kwa makusudi: diski ikizidi GB 200, voliyumu ya `/` hupewa GB 100 na kilichobaki hukaa ghalani kikusubiri. Ukiimwaga yote kwenye `/`, umerudi kwenye Jumatatu yangu: chumba kimoja, kila kitu ndani.

Sababu ya kutoa kidogo kidogo ni hii. Kuongeza voliyumu ni amri moja, na huduma haizimwi:

```
lvextend -r -L +30G /dev/vg_afya1/pg
```

Ile `-r` inakuza na mfumo wa mafaili humo humo. Bila `-r` voliyumu inakua lakini `df` inaonyesha namba ile ile, na hapo wengi hudhani amri imeshindwa. Nimewahi kuikuza kanzidata saa tano asubuhi, foleni ikisogea, na hakuna aliyegundua.

Kupunguza ni kazi ya namna nyingine kabisa. XFS haipungui, ukikosea ukubwa, dawa ni kunakili data kwingine, kufuta, na kuunda upya. Ext4 hupungua, ila lazima kwanza ipachuliwe, yaani huduma isimame, na ukikosea mpangilio wa hatua unakata mfumo wa mafaili katikati. Nimeifanya mara moja, nikiwa na bakapu mbili zilizojaribiwa, na sitamani kuirudia. Toa kinachotosha miezi 18 hadi 20. Kanzidata iliyo GB 70 na inayokula 2.5 kwa mwezi, ukiipa 120 ina miezi 20 ya kupumua. Kwa wakati huo utakuwa na namba halisi za kuamulia nyongeza.

Upindo una kazi ya pili: snapshoti, yaani taswira ya voliyumu kama ilivyokuwa dakika ile. Kabla ya kusasisha toleo la mfumo wa wagonjwa nasimamisha huduma dakika moja na kuandika:

```
lvcreate -s -L 15G -n pg_kabla /dev/vg_afya1/pg
```

GB 15 hizo zinatunza kila kipande cha zamani kinachobadilishwa. Sasisho likiharibika, nasimamisha kanzidata, napachua voliyumu, kisha `lvconvert --merge vg_afya1/pg_kabla` inairudisha ilivyokuwa. Ghala lisilo na nafasi halikupi snapshoti. Angalia safu ya `Data%` kwenye `lvs`: ikifika 100 snapshoti inakufa na haifufuki. Na ukimaliza ifute siku hiyo hiyo kwa `lvremove`, maana inapunguza kasi ya kuandika. Usiiite bakapu. Imekaa kwenye diski zile zile, na mwizi au moto hauchagui.

Ext4 au XFS

Kwa voliyumu ndogo na kwa kanzidata ya ukubwa huu natumia ext4. Kwa picha natumia XFS. Sababu ya kuchagua XFS niliipata kwa shida. Ext4 hupanga idadi ya inodi (kila faili linahitaji moja ya kulitambulisha) siku inapoundwa, kwa kawaida moja kwa kila KiB 16, na ukishaiunda idadi hiyo huibadilishi isipokuwa kwa kuikuza voliyumu. Seva moja ya shule ilikuwa ikihifadhi vifaili vidogo vya seshoni za watumiaji, kila kimoja chini ya KB 1, na hakuna aliyevifuta. Siku moja ikasema hakuna nafasi, wakati `df -h` inaonyesha asilimia 40 tu. `df -i` ilionyesha 100. XFS huunda inodi kadiri zinavyohitajika, kwa hiyo pale kwenye mafaili mengi nina amani zaidi.

Ext4 pia hutenga asilimia 5 kwa ajili ya root, mtumiaji mkuu. Kwenye `/` ziache, ndizo zinazokuwezesha kuingia na kusafisha siku ya kujaa. Kwenye voliyumu ya data ya GB 120 hiyo ni GB 6, na hapo natumia `tune2fs -m 1`.

Kupachika

Mistari hii inakaa kwenye `/etc/fstab`, faili linaloiambia Linux kipi kipachikwe wapi:

```
/dev/mapper/vg_afya1-pg    /var/lib/postgresql  ext4  defaults,noatime        0 2
/dev/mapper/vg_afya1-picha /srv/picha           xfs   defaults,nofail         0 0
/dev/mapper/vg_afya1-log   /var/log             ext4  defaults,nodev,nosuid   0 2
/dev/mapper/vg_afya1-tmp   /tmp                 ext4  defaults,nodev,nosuid   0 2
```

Kabla ya kuwasha upya, endesha `findmnt --verify` na `mount -a`. Kosa la herufi moja humu linaiangusha seva kwenye hali ya dharura, na kama iko wilayani na wewe uko mjini, hiyo ni nauli ya basi.

`nofail` inairuhusu seva iwake hata kama voliyumu haikupatikana. Kwenye picha naitaka, maana mapokezi yanaweza kufanya kazi bila vyeti vya zamani. Lakini ina hatari yake: voliyumu ikikosekana, `/srv/picha` inabaki folda tupu juu ya `/`, na programu itaanza kujaza humo kimyakimya. Kinga ni kuifunga ile folda tupu kabla hujaipachika:

```
chattr +i /srv/picha
```

Voliyumu itapachikwa juu yake bila shida, lakini isipokuwepo hakuna atakayeweza kuandika humo, na kosa litapiga kelele mapema. Kwa PostgreSQL siweki `nofail`. Isipokuwepo, afadhali seva isimame nijue.

Utaona kwenye `/tmp` sikuweka `noexec`, inayozuia programu kuendeshwa kutoka humo. Miongozo mingi ya usalama inaitaka, na mtu anayesimamia seva iliyo wazi kwenye intaneti aifikirie, ila kwenye Debian na Ubuntu baadhi ya vifurushi huendesha skripti zao kutoka `/tmp` wakati wa kusakinishwa, na sasisho hukwama.

Umeme ukikatika na betri ya UPS ikaisha, mgawanyo huu unasaidia tena. `/` ya GB 30 inakaguliwa haraka, seva inawaka, nami naingia kuangalia kilichoumia. Enzi za diski ya chumba kimoja nilikaa nikitazama ukaguzi wa diski nzima bila la kufanya.

Baada ya hapo

Weka mpaka wa logi za systemd, msimamizi wa huduma za Linux: `SystemMaxUse=2G` kwenye `/etc/systemd/journald.conf`. Usipoweka, zitajiruhusu asilimia 10 ya voliyumu, mwisho GB 4. Bakapu zitoke nje ya mashine kila usiku, na folda ya `/etc/lvm` iende pamoja nazo. Ndani yake kuna ramani za VG ambazo `vgcfgrestore` itazihitaji siku ramani iliyo kwenye diski ikiharibika.

Ukifuta logi kubwa na `df` isibadilike, programu fulani bado imelishikilia faili lile. `lsof +L1` itakutajia, nawe uiwashe upya programu hiyo.

Mashine pepe ni rahisi zaidi: diski ya data ipe LVM nzima bila kuigawa patisheni. Mwenye jukwaa akiikuza, unaandika `pvresize /dev/sdb` na ghala limeongezeka.

Skripti yangu ya ukaguzi inaendeshwa kila saa na inanitumia ujumbe voliyumu yoyote ikivuka asilimia 80, ikiambatanisha `vgs` ili nione upindo uliobaki. Ujumbe ukija, nafungua kwanza daftari. Kama ukuaji ni ule niliokadiria, naongeza nafasi. Kama umeruka, natafuta kilichoruka kabla ya kuongeza chochote, kwa sababu skripti ya bakapu isiyofuta itameza GB 30 za nyongeza kama ilivyomeza zile za kwanza.

La mwisho ninalofanya kabla ya kufunga kabati: nachapisha `lsblk`, `vgs` na `lvs`, naandika kwa kalamu kila voliyumu inabeba nini na inatarajiwa kukuzwa lini, kisha nabandika karatasi hiyo kwa ndani ya mlango. Kwenye ile ya hospitali, mbele ya `pg` nimeandika GB 120, miezi 20, na tarehe. Chini yake kuna mistari mitatu mitupu ya atakayeushusha upindo.